Mahema Kando ya Bwawa, Mufindi

Likizo ya Juni tulipiga kambi pamoja na watoto katika shamba moja la Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, ambako bwawa limezungukwa na mashamba ya chai na misitu ya misonobari. Kwa kuwa eneo hilo liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, baridi ya msimu huo si ya mzaha, na anayekwenda na shuka pekee atakesha.

Farasi ndio waliowateka watoto. Mtunzaji aliwaonyesha namna ya kuwalisha karoti, kiganja kikiwa wazi na vidole vimebanwa pamoja ili visiumwe, kisha akawapandisha kwa upande wa kushoto, kama ilivyo desturi. Nyanda za juu zenye baridi huwafaa wanyama hawa kwa sababu mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa mifugo uitwao nagana, hupendelea nyika za joto. Binti yetu mdogo alikataa katakata kupanda, akaridhika kumsugua farasi mmoja kwa brashi hadi jioni (nami, kwa kweli, nilimwelewa).

Atakayekwenda abebe mablanketi mazito na mabuti, maana ukungu wa asubuhi hulowesha chochote kilichoachwa nje ya hema.