Saa ya Mama Ukutani Kwangu

Tulifunga ndoa Seoul mwezi wa Novemba, na Januari iliyofuata mume wangu akanileta Dar es Salaam, ambako alikuwa ametangulia mwaka mmoja kwa kazi ya uhandisi katika mradi wa reli. Nilikuwa na umri wa miaka 26. Tuliondoka uwanja wa ndege wa Incheon kukiwa na baridi ya kugandisha maji, tukabadilisha ndege Addis Ababa, na tulipotua Dar joto lilinipokea kwenye ngazi za ndege kabla sijapokewa na mtu yeyote. Ndani ya sanduku langu, katikati ya nguo, nilikuwa nimeifunga kwa taulo saa ya ukutani iliyokuwa jikoni kwa mama yangu. Alinipa mwenyewe, akaniomba nisiigeuze, ili kila niitazamapo nijue kwake ni saa ngapi.

Niliitundika sebuleni kwetu Mikocheni, juu ya meza ya chakula. Korea iko mbele ya Tanzania kwa saa 6, hivyo sisi tunapoamka mama amekwisha kula chakula cha mchana, na jua linapozama hapa, kule ni usiku wa manane. Hilo la pili ndilo lililonitesa. Mume wangu alitoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeshaingia, na giza la Dar haliingii kidogokidogo kama la majira ya joto ya kwetu, bali hushuka mara moja. Wakati ule ambao mgeni hutamani mno kusikia sauti ya mama yake ndio wakati ambao mama yangu alikuwa katika usingizi mzito. Niliketi chini ya saa yake nikitazama mishale ikikutana kwenye 12, simu mkononi, nisithubutu kupiga.

Wiki ya tatu jirani yetu, mama wa watoto watatu aliyenizidi kama miaka kumi, alijitolea kunipeleka Kariakoo ili nijue wapi pa kununua nini na kwa bei gani. Nilikuwa nimeanza masomo ya Kiswahili kwa mwalimu aliyekuja nyumbani mara tatu kwa wiki, na tayari nilijua kuhesabu. Jirani aliniambia tuondoke kesho yake saa tatu, nami niliridhika kwamba nimemwelewa. Siku ya pili nilimaliza kazi zote, nikaoga, nikavaa vizuri, nikachukua kikapu, na simu yangu ilipoonyesha tatu alasiri nikaketi kibarazani. Nilingoja mpaka adhana ya magharibi na hakutokea. Kumbe alikuwa amekuja asubuhi, akapiga hodi mara tatu, akaenda zake, maana mimi nilikuwa bado nimelala na feni ikivuma karibu na sikio. Siku kadhaa zilipita kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemdharau, na nikikumbuka nilivyopita mlangoni kwake bila kusimama, bado roho inaniuma.

Mwalimu ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba Waswahili huhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza na za usiku tangu linapozama, na kwamba karibu na ikweta hesabu hiyo haimpotezi mtu, kwa sababu jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Nilimwambia kwamba kwetu isingewezekana: mwezi wa Juni jua la Seoul huchomoza kama saa 11 na dakika 10 alfajiri, na Desemba hulala hadi karibu saa 2 kasorobo asubuhi. Akanifundisha kutoa sita au kuongeza sita. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kujumlisha na kutoa tu: sita za kumwelewa fundi wa bomba, ambaye hata hivyo nilimkosa mara mbili, kisha sita nyingine za kumtafutia mama wakati wa kumpigia.

Nilikwenda kwa jirani kuomba radhi. Nilimkuta na mama yake mzazi, nikainama kama tunavyoinama kwetu, nikasema shikamoo. Yule mzee akaitikia marahaba, akanishika mkono, akanikalisha mkekani. Nawasikia wageni wengine wakisema kwamba salamu hii ni ngumu, lakini kwangu ilikuwa kama kurudi nyumbani. Katika Kikorea huwezi kumaliza hata sentensi moja bila kujua aliye mbele yako amekuzidi au umemzidi, kwa kuwa mwisho wa kitenzi hubadilika kwa heshima anayostahili. Mwanamke humwita mwanamke aliyemzidi eonni, yaani dada, hata kama hawana undugu, na aliyekwisha kuzaa huitwa mama wa mtoto wake, vilevile kama hapa. Kwa hiyo nilipomwita jirani dada, sikuwa naiga desturi ya wenyeji, nilikuwa nasema ninachoamini. Yeye naye akaanza kuniita mdogo wangu. Watoto wa mtaani waliokuwa wakinipigia kelele za "Mchina", neno lililonichoma kila siku, aliwasahihisha yeye, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakazoea kuniita anti.

Safari ya Kariakoo ilifanyika hatimaye, na huko nilisimama muda mrefu mbele ya mafungu ya dagaa. Nyumbani Korea mchuzi mwingi huanza kwa kuchemsha samaki wadogo waliokaushwa, na hawa walikuwa karibu kabisa na wale. Nilinunua kilo nzima. Kimchi, yaani kabichi yetu ya kuchachusha kwa pilipili, ndiyo iliyonisumbua. Mboga inayoitwa chainizi sokoni si kabichi ndefu tunayotumia sisi, basi nikatumia kabichi ya kawaida, pilipili kavu ya kutwanga, kitunguu saumu na tangawizi. Chungu cha kwanza nilikiacha mezani kwa siku mbili, kama ambavyo mama angefanya, kikachacha kupita kiasi. Sasa naacha nusu siku tu, kisha naweka ndani ya friji.

Hata hivyo, mwezi wa nne nilimwambia mume wangu kwamba nataka kurudi kwetu. Hakubishana nami. Aliniuliza ni wakati gani wa siku ninaoumia zaidi, nikamjibu kuwa ni magharibi. Aliomba kazini aruhusiwe kurudi mapema siku mbili za juma, na siku zilizobaki tukakubaliana nisikae peke yangu: ifikapo saa 11 jioni niende kwa dada, tupike pamoja, naye anipitie huko akitoka kazini. Naweza kusema kwamba mpango huo mdogo ndio ulioinusuru ndoa yetu changa, maana alichagua kuuliza swali badala ya kunibembeleza.

Asubuhi moja ya Juni dada aliingia kwangu kuazima kinu. Akiwa anatoka aliinua macho ukutani, akasimama.

"Kumbe saa yako umeiseti Kiswahili," akasema. "Bibi yangu kule Tanga alikuwa nayo ya hivi. Sisi wengine tunasoma nyingine, tunatamka nyingine."

Nikamwambia hapana, hiyo ni saa ya mama, ni ya Korea.

Akaitazama tena. "Basi inasema saa nne kasoro dakika kumi. Na sasa ni saa nne kasoro dakika kumi."

Nilichukua simu nikalinganisha, nikahesabu kwa vidole mbele yake, na hesabu haikukataa. Sita za Korea na sita za Kiswahili zilikuwa ni zilezile. Kwa miezi mitano nilikuwa nimetundika saa ya Kiswahili sebuleni na kuililia kama kitu cha mbali. Jioni hiyo nilimwonyesha mume wangu, akaketi kimya akiitazama, na chakula kikapoa. Tangu hapo niliacha kujumlisha. Dada akisema saa tatu, naangalia saa ya mama, na mshale ukifika kwenye tatu nakuwa mlangoni.

Mama alikuja kututembelea mwaka wa tatu. Hakujua neno hata moja la Kiswahili, na saa yake ya mkononi hakuigeuza. Usiku wa kwanza dada alimwalika waende Feri kununua samaki, akamwinulia kidole kimoja, akasema, "Saa moja." Mama akatikisa kichwa kukubali, akajibu kwa Kikorea, "Hansi," yaani saa moja. Nilikusudia kumweleza kabla hajalala, nikapitiwa na usingizi. Asubuhi nilipoamka nilimkuta amesimama mlangoni na kikapu changu, ameshavaa viatu, na dada alikuwa anafungua geti.