Siku moja maishani mwangu: Jumamosi kando ya ukuta

Saa 11 alfajiri. Huamka kabla ya adhana ya simu, nikachemsha chai ya tangawizi na kufungua daftari langu la ukaguzi. Ninaishi Mooresville, North Carolina, mji wenye karakana nyingi zinazounda magari ya NASCAR, chama kikubwa cha mbio za magari cha Marekani, yaani magari ya mbio yenye umbo la magari ya barabarani. Siku za juma ninafanya kazi katika gari la wagonjwa. Jumamosi ni siku ya kikosi cha uokoaji katika kiwanja kidogo cha mbio, ambako madereva ni mafundi, wanafunzi na wenye maduka, na ambako hakuna kamera za televisheni.

Saa 4 asubuhi. Mimi na mwenzangu, kaka mmoja mzaliwa wa Goma, tunapanga vifaa: mkasi wa haidroli wa kukatia mabomba ya gari, ubao wa mgongo, kola za shingo, mitungi ya kuzimia moto. Mitungi huwa ninaikagua mara mbili. Mwezi Mei 1964, katika mbio za maili 600 za Charlotte, karibu sana na hapa, gari la dereva Fireball Roberts lilipinduka na kuwaka, naye akafariki Julai 2 kutokana na majeraha hayo. Matangi ya mafuta yenye mfuko wa mpira ndani, yasiyopasuka kwa urahisi, yalikuja baada ya misiba ya namna hiyo.

Saa 8 mchana. Hii ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote, ingawa mashabiki hawaioni. Madereva hupanga mstari na vifaa vyao, nami nashika kimoja kimoja kwa mkono: kofia, kifaa cha HANS cha kulinda shingo, wavu wa dirisha, mikanda. Kwenye kila mkanda kuna lebo ndogo iliyoshonwa, yenye tarehe. Mikanda ya kawaida ya mbio hudumu miaka miwili tu tangu ilipotengenezwa, kwa sababu jua, jasho na mafuta hula nyuzi polepole, na jicho haliwezi kuona nguvu iliyokwisha.

Leo kijana mmoja wa miaka 19 amekuja na baba yake. Mkanda wake unang'aa, lakini lebo inasema muda wake uliisha mwezi Machi. Baba mtu ananiambia kwa upole kwamba fedha za mwezi huu zimeishia kwenye matairi. Ninamwelewa, na bado ninakataa. Umri wa mwanawe unanikumbusha dereva Adam Petty, aliyekuwa na miaka 19 hiyohiyo alipogonga ukuta mazoezini New Hampshire, Mei 12, 2000. Kabla hata miezi miwili haijapita, Kenny Irwin Jr. alifariki kwenye uwanja uleule, kwenye kona ileile ya tatu. Oktoba akafuata Tony Roper kule Texas, na Februari 18, 2001 Dale Earnhardt akafariki kwenye mzunguko wa mwisho wa Daytona 500. Majeraha ya aina hii huwa kwenye kitako cha fuvu na shingo: mwili umezuiwa na mikanda, kichwa kinaendelea kwenda mbele, na mahali fuvu linapokutana na shingo hapastahimili. Ripoti rasmi ya kifo cha Earnhardt ilitaja pia mkanda wa kiunoni uliokatika.

Kifaa cha kuzuia hayo kilikuwepo tayari. Profesa Robert Hubbard na shemeji yake, dereva Jim Downing, walianza kukibuni HANS katika miaka ya 1980: kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, yenye kamba mbili zinazoshika kofia. NASCAR haikulazimisha vifaa vya aina hiyo katika mashindano yake makubwa hadi Oktoba 2001, siku chache baada ya dereva Blaise Alexander kufariki Charlotte katika mbio za ARCA, ligi nyingine ya magari ya aina hiyo. Kucheleweshwa huko kunaniuma hadi leo. Tangu kifo cha Earnhardt hakuna dereva aliyekufa katika mbio za ligi tatu kuu za taifa za NASCAR.

Mshindani wa jirani, mzee mwenye gari namba 8 ambalo injini yake imekufa leo, anafungua mikanda yake mipya na kumpa yule kijana bila kuombwa.

Saa 11 jioni. Mkutano wa madereva. Nawakumbusha mambo mawili. Ukiwa mzima, shusha wavu wa dirisha ili tujue. Na kama hakuna moto, usishuke garini mpaka tufike, kwani Agosti 2014 dereva kijana Kevin Ward Jr. aligongwa na kufa baada ya kushuka na kutembea kwenye njia ya mbio.

Saa 3 usiku. Kwenye kona ya nne magari mawili yanagusana, na moja linakwenda kichwa kichwa ukutani. Ukuta wetu ni zege tupu. Kuta za SAFER, za mabomba ya chuma yenye sponji ngumu nyuma yake, zilizowekwa kwanza Indianapolis mwaka 2002, ni ghali mno kwa viwanja kama hiki, na kwangu hilo ni deni ambalo mchezo huu bado haujalipa. Bendera nyekundu inapepea. Wavu haushuki. Tunakimbia. Ni yule kijana. Mwenzangu anafungua wavu, mimi ninaingiza mikono na kushika kofia pande zote mbili, na chini ya vidole vyangu nazisikia zile kamba mbili za HANS, zote ziko mahali pake. Anapumua. Anataja jina lake, kisha anasema bega la kushoto linamuuma na hawezi kuinua mkono.

Saa 6 usiku. Hospitali imepiga picha: mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika, shingo ni nzima. Ninaandika ripoti. Mkanda uliokwisha kubeba kishindo hautumiki tena, kwa hiyo yule mzee wa namba 8 ananiletea mkanda huo mwenyewe, na mkasi juu yake. Ninaukata vipande vinne huku baba wa kijana, aliyepitia kuchukua kofia, akiandika namba ya simu ya mzee ili amnunulie mwingine.