Mambo ya Juzi Tu

Nilizaliwa mwaka 1951. Wajukuu zangu wakiusikia mwaka huo hunitazama kama mtu aliyeteremka kutoka safina ya Nuhu, na wakifundishwa shuleni habari za haki za wanawake huzitia kapu moja na habari za wafalme na vita vya mikuki. Kwao yote ni ya kale. Mimi nimeanza kuyapanga kwa umri wangu, maana karne ni kubwa mno, haziniingii akilini.

Nilikuwa mtoto wa shule mwaka 1960 Sirimavo Bandaranaike alipokuwa waziri mkuu wa Sri Lanka, wakati ule ikiitwa Ceylon, mwanamke wa kwanza duniani kushika cheo hicho. Juni 1963 Valentina Tereshkova akarushwa angani, akaizunguka dunia mara 48. Hao wajukuu wanawajua, wamo vitabuni na picha zao. Wasichoambiwa ni kwamba Tereshkova alikwenda na kurudi, na bado ikapita miaka miwili kabla ya Ufaransa kutunga sheria, Julai 1965, ya kumwezesha mke wa mtu kufungua akaunti ya benki kwa jina lake na kufanya kazi bila mumewe kuweka pingamizi. Nilipofahamu hilo nilihesabu miaka mara mbili kwa vidole. Mwanamke ameshaiona dunia yote kutoka juu, na huku chini mwenziwe anaulizwa mumeo anasemaje.

Uswisi ndiyo iliyonimaliza kabisa. Mwaka 1971, mwaka niliotimiza miaka ishirini, wanaume wa nchi ile walipiga kura kuamua kama wanawake nao wapige kura. Wakakubali. Lakini jimbo moja dogo, Appenzell Innerrhoden, liliendelea kuwazuia kwenye kura za jimbo lenyewe. Aprili 1990 wanaume wake walikusanyika wakakataa tena, mpaka mahakama kuu ya nchi ilipowalazimisha mwaka huo huo. Mimi wakati huo nakaribia arobaini na nywele za kwanza za mvi zimeshanitoka. Wanawake waliokuwa wakisubiri pale ni rika langu, na wengi wao wako hai, nadhani nao wanalalamika magoti kama mimi.

Ndiyo maana sina subira na zile orodha za Machi 8: mwanamke wa kwanza kufanya hiki, wa kwanza kufanya kile. Siwaonei wivu, Mungu anajua. Ila wa kwanza hupita peke yake, mlango ukarudi kufungwa nyuma yake, na sisi tukapiga makofi kana kwamba tumepita wote. Bandaranaike aliapishwa, Waswisi wakangoja miaka kumi na mmoja. Ningependa siku moja orodha iwe ya wa elfu moja. Wa elfu moja ndiye anayeonyesha kwamba njia imepitika.

Suala la saini ya mume nalo halinitoki. Marekani, nchi ambayo tuliaminishwa imemaliza mambo yote, ilitunga mwaka 1974 sheria ya kuwakataza wakopeshaji kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu ameolewa au hajaolewa. Kabla ya hapo mwanamke mwenye mshahara wake angeweza kwenda kuomba mkopo akaambiwa arudi na mume. Yule yule ambaye nyumbani ndiye anayejua kilichobaki, kinachodaiwa, na nani kavaa kiatu kilichotoboka.

Mama yangu hakuwahi kuingia benki. Alikuwa na bati la vifaa vya kushonea, lenye vifungo visivyofanana, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha flana, na chini kabisa, chini ya vigurudumu vya uzi, noti zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kucha ya kidole gumba. Baba alikuwa mtu mwema, sitaki mtu amfikirie vibaya. Lakini kifungo cha shati lake kikidondoka alimpelekea mama shati. Hakuna siku aliyofungua lile bati mwenyewe, na mama alilijua hilo vizuri sana. Viatu vyangu vya shule vilitoka mle, na nauli ya dada alipokwenda chuo vilevile.

Katika kitabu gani utaikuta benki hiyo?

Tatizo la kazi zetu nyingi ni kwamba zinajifuta zenyewe. Shuka lililofuliwa leo ni chafu wiki ijayo. Kabla ya mashine nilikuwa nikikamua shuka na dada yangu, yeye ameshika ncha ile na mimi hii, tunalisokota kwa kupishana mpaka linajikunja katikati kama nyoka na maji yanatuchuruzikia miguuni. Viganja vinauma, kisha jioni huna cha kuonyesha zaidi ya kitanda kilichotandikwa, nacho watu wanakilalia. Mjenzi akimaliza ukuta, ukuta unabaki. Yetu huonekana siku isipofanyika.

Wanawake wa Iceland waliliona hilo wakalifanyia kazi. Tarehe 24 Oktoba 1975 takriban tisa katika kila kumi waliacha kazi kwa siku moja, za ofisini na viwandani pamoja na za nyumbani. Maelfu wakajazana katikati ya Reykjavík. Shule nyingi zikafungwa, viwanda vya samaki vikasimama, na akina baba wakaonekana wakiingia kazini wameburuta watoto. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa. Miaka mitano baada ya siku ile wananchi wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais, mwanamke aliyeachana na mume na anayelea binti peke yake. Huyu naye ni wa kwanza, wa kwanza duniani kuchaguliwa rais kwa kura za wananchi, lakini ukwanza wake naupenda kwa sababu kabla yake lilitangulia jiji zima la wanawake walioacha masufuria.

Mtu ninayemfikiria zaidi siku hizi, hata hivyo, hakuandamana popote. Ni Martha Ballard, mkunga wa Maine, Marekani, aliyeanza kuandika shajara mwaka 1785, akikaribia miaka hamsini, akaendelea mpaka alipokufa mwaka 1812. Kila siku mistari michache. Mvua ilinyesha. Nimefua. Nimevuka mto, wakati mwingine kwa mtumbwi na wakati mwingine juu ya barafu, kwenda kwa mwanamke mwenye uchungu. Watoto zaidi ya mia nane walipita mikononi mwake na akawaandika, pamoja na kama amelipwa au bado. Hapo ndipo ninapompenda hasa, maana hakujifanya kwamba kazi ni sadaka. Waandishi wa historia waliolipitia daftari lake mwanzoni hawakuona la maana, kwa maoni yao ni porojo za nyumbani. Ikabidi ipite karibu karne mbili ndipo mwanahistoria mwanamke akakaa nalo kwa miaka, akaonyesha kwamba uchumi wa mji ule, magonjwa yake, madeni yake na siri zake vyote vilikuwa mle, katikati ya kufua na kusuka.

Basi na mimi nimeanza la kwangu. Mwanzoni niliandika mambo makubwa, maoni yangu kuhusu dunia, na nikisoma tena nachoka mwenyewe. Sasa naandika kama yeye. Jumatatu: goti la kushoto limekataa ngazi, la kulia limekubali kwa shingo upande. Jumanne: mjukuu amenitungia uzi kwenye sindano sita na kuzichomeka ukutani kwenye pazia, kwa sababu macho yangu hayalioni tena tundu, na akaniuliza kwa nini nisinunue tu shati jipya. Alhamisi: jirani mjane amekuja na makaratasi ya mirathi. Tumeyasoma wote wawili kwa miwani moja, tukipokezana, na mahali pa saini ameandika jina lake lote, herufi kwa herufi, likavuka mstari.

La Alhamisi nimeliandika kwa kirefu kuliko yote.

Jambo lililoniletea kesi ni bati la mama. Nilimsomea dada ukurasa huo kwenye simu, akanyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu, ya marehemu mama yaache apumzike nayo. Unataka watoto wajue kwamba alikuwa akimficha baba?" Nikamwambia nataka wajue aliyelipa nauli yako. Akasema nimekuwa mkaidi tangu utotoni, jambo ambalo ni kweli na halihusiani. Tumeagana vizuri lakini kwa sauti ya baridi, na tangu hapo amenipigia mara moja tu, kuniuliza kama nakumbuka bati lile lilikuwa la rangi gani. Nikamwambia la bluu. Yeye anashikilia kwamba lilikuwa la kijani, na kwamba kama ni lazima niandike, basi niandike sawasawa. Nimeweka rangi zote mbili, na pembeni nimemwachia nafasi ya mistari mitano.