Nimeamua kuhesabu mwenyewe

Kila Machi, mashindano ya NCAA, ya taifa ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu Marekani, yakikaribia, kaka yangu hunirudia na neno lilelile: timu iliyotwaa kombe la ligi yake wiki ya mwisho ina moto, basi mpe ubingwa. Mfano wake ni Connecticut ya 2011, walioshinda mechi 5 kwa siku 5 kwenye kombe la ligi yao, Big East, kisha wakabeba taji la taifa. Mfano mtamu, na kwa miaka mingi nilimkubalia.

Jana usiku nikafungua daftari. Nikaandika mabingwa wote wa wanaume kuanzia 2016 hadi 2025. Ni 9, maana 2020 mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona. Waliokuwa wametwaa kombe la ligi yao kwanza ni 4: Villanova 2018, Kansas 2022, Connecticut 2024, Florida 2025. Wengine 5 walikuwa wamefungwa huko, Baylor ya 2021 ikiwemo.

Virginia ndiyo iliyonikalisha kitako. Mwaka 2018 walitwaa kombe la ACC, ligi yao, halafu kwenye mashindano ya taifa UMBC, timu ya chuo iliyopangwa nafasi ya 16, ya mwisho katika kundi lake, ikawachapa 74 kwa 54. Mwaka uliofuata wakatolewa nusu fainali ya ACC, na wakawa mabingwa wa taifa!

Najua mabingwa 9 ni wachache mno kuthibitisha lolote. Wikiendi hii narudi nyuma hadi 1985, mwaka timu zilipofika 64. Kaka ameahidi kunisaidia kuhesabu.