Dau la mrushaji chipukizi: pima kiini, usipime gunia

Mnunuzi wa korosho anayejua kazi yake hadanganyiki na gunia lililojaa. Anatoa sampuli, anapasua, anatenga viini vizima na vilivyooza, ndipo anaandika bei. Kwenye fantasi ya besiboli, mchezo wa kuunda timu ya kufikirika kwa takwimu za wachezaji halisi na kuwanunua wapya kwa madau, wengi tunafanya kinyume. Tukisikia kijana wa Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya ligi kuu, anarusha maili 100 kwa saa, nusu ya bajeti ya msimu inateketea Jumapili moja.

Mtazame Jacob Misiorowski wa Milwaukee Brewers. Alipanda ligi kuu Juni 2025. Mechi ya kwanza alirusha iningi (ngwe) tano bila mtu kumpiga hata hiti moja, ya pili akamaliza iningi sita bila mpigaji yeyote kufika besi. Baada ya mechi tano tu akaitwa kwenye kikosi cha nyota, All-Star. Msimu ulipoisha alikuwa na iningi 66 na ERA ya 4.36, yaani wastani wa ransi (alama) anazoruhusu kwa kila iningi tisa; ndogo ndiyo nzuri. Mwezi huohuo Chase Burns wa Cincinnati Reds alianza kwa kuwatoa wapigaji watano wa kwanza wa Yankees kwa straiki. Mechi iliyofuata, Boston, alipata auti moja tu huku zikiingia ransi saba. Anayetuponza ni Paul Skenes: mwaka 2024 alitoa iningi 133 kwa ERA ya 1.96, na tangu hapo watu wanalipa bei ya Skenes kwa kila mtoto mwenye mkono mzito.

Kiini kinapimwaje? Chukua asilimia ya wapigaji aliowatoa kwa straiki huko Triple-A, toa asilimia ya aliowapa besi ya bure. Ikibaki 20 au zaidi, endelea kumsoma. Besi za bure zikizidi 12 kwa mia, shusha dau hata kama mpira unawaka moto. Wapigaji wa ligi kuu hawafukuzii mipira ya nje hovyo, kwa hiyo kijana anajikuta amerusha mipira 90 na bado yuko iningi ya nne. Mrushaji anayeanza mechi hahesabiwi ushindi bila kumaliza iningi tano, na “quality start”, takwimu ya mwanzo bora, inadai sita. Straiki utazipata, ushindi utakwenda kwa mtu mwingine.

ERA ya Triple-A msiiamini peke yake. Anayerushia Albuquerque au Reno yuko kwenye mwinuko, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko ingekuwa hapa pwani. ERA ya 5 huko inaweza kuwa kazi safi kabisa.

Kisha hesabu iningi za mwaka uliopita. Aliyerusha 80 usimtegemee atoe 160, klabu yake yenyewe haitakubali. Eury Pérez wa Miami Marlins alikuwa na ERA ya 3.15 mwaka 2023, wakamshusha katikati ya msimu ili kuutunza mkono, na bado Aprili 2024 alifanyiwa upasuaji wa Tommy John kwenye kiwiko.

Hasara yenyewe ni kubwa kiasi gani? Tuseme Julai timu yako ina iningi 600 na ERA ya 3.60, yaani ransi 240. Chipukizi anakuja na iningi 20 mbovu, ransi 16. Sasa una 256 kwa iningi 620: ERA 3.72. Kwenye ligi iliyobanana hiyo ni nafasi mbili au tatu, na kuirudisha kunachukua wiki nyingi.

Sasa dau lenyewe. FAAB, yaani bajeti ya msimu ya kununulia wachezaji walio huru, huendeshwa kwa zabuni ya siri. Wazee wa minada ya korosho ya Tandahimba na Newala wanaijua vizuri: kabla mambo hayajahamia TMX, soko la bidhaa la kielektroniki, wanunuzi walitumbukiza barua kwenye sanduku, na zikishafunguliwa mbele ya wakulima hakuna kurekebisha. Unalipa ulichoandika, hata kama wa pili yuko mbali nyuma yako. Kwa hiyo usiandike kile ambacho kijana anastahili kwako, andika kinachotosha kumpita wa pili. Fungua ukurasa wa bajeti. Kama anayekuzidi pesa ni mmoja tu na tayari ana warushaji wa kutosha, na anayefuata amebakiwa na dola 160, basi 161 inatosha. Namba za mviringo ziache, kila mtu huandika 50, 100, 150. Dola moja juu yake imeshinda minada mingi.

Dari langu kwa mwezi Juni: mwenye nafasi ya kudumu kwenye mzunguko wa warushaji wanaoanza mechi na kiini cha 20, asilimia 15 hadi 20 ya pesa iliyobaki. Aliyeitwa kuziba pengo la majeruhi, asilimia 3, na nikimkosa silali na njaa.

Kwenye majukwaa mengi, ukitaka mmoja kati ya watatu, weka mchezaji yuleyule wa kuachwa, yaani wa kutoka timu yako kumpisha mpya, kwenye madau yote matatu. La kwanza likipita, mengine yanakufa yenyewe. Ukiweka wa kuachwa tofauti, utaamka na chipukizi watatu na pochi tupu.

Ligi ikifunga madau saa nne usiku Jumapili kwa saa za New York, Mtwara ni saa kumi na moja alfajiri Jumatatu. Dau lililoandikwa jioni likagueni tena kabla ya muda huo, maana anayeumia usiku wa manane bado yuko kwenye orodha yenu.

Akishushwa Triple-A siku moja baada ya kurusha, usiumie. Mrushaji aliyeshushwa hukaa huko angalau siku 15, isipokuwa anapoitwa kuziba nafasi ya majeruhi. Wengi humwacha siku ya pili. Weka alama kwenye kalenda, na siku ya 12 mchukue kwa dola moja.