Siku moja maishani mwangu: meneja wa msanii asiye na lebo

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kujibu ujumbe wa mtu, nafungua takwimu. Wimbo tuliotoa Ijumaa unasikilizwa, lakini macho yangu yako kwa waliouhifadhi. Anayesikiliza mara moja ni mpita njia, anayehifadhi atarudi.

Nilipoanza kazi hii, meneja alipimwa kwa watu anaowajua. Ulimpeleka msanii kwa lebo, lebo ikalipia studio, video na matangazo, kisha ikaimiliki rekodi. Leo msanii wangu anamiliki rekodi zake, na zile kazi za lebo zote zimehamia mezani kwangu.

Saa 3. Naandaa wimbo ujao kwa msambazaji, kampuni inayoufikisha kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki kama Spotify. Spotify hutaka wimbo uwasilishwe angalau siku 7 kabla ya kutoka ndipo uingie Release Radar, orodha ya nyimbo mpya, ya wanaomfuata msanii. Mimi hujipa wiki 4. Nakagua majina herufi kwa herufi. ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12, ni ya rekodi. ISWC ni namba ya utunzi, yaani maneno na melodi. Mifuko miwili tofauti ya pesa, na wengi husajili mmoja tu.

Saa 5. Studio. Hii ndiyo kazi niliyoamkia leo: karatasi ya mgawanyo, inayoandika nani ana asilimia ngapi ya utunzi. Mwimbaji, prodyuza na mpiga gitaa wamekaa, kalamu moja katikati.

“Mimi nilipiga tu, dada,” anasema mpiga gitaa. “Andikeni mlivyopanga.”

Namwomba prodyuza azime gitaa kwenye kiitikio. Anazima. Tunasikiliza ngoma na sauti peke yake, na ule mvuto haupo tena. Prodyuza anairudisha gitaa, anatikisa kichwa. “Hiyo ni yake. Kiitikio kimejengwa juu yake.” Tunaandika 50, 35, 15. Tunajumlisha, 100. Wote wanasaini.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu liliwahi kuniumiza. Wimbo niliousimamia zamani ulitoka bila karatasi, kwa kuwa watunzi wake wawili walikuwa marafiki. Uliposhika kasi, mmoja akadai, malipo yakazuiwa, na hadi leo hawasalimiani. Mimi ndiye niliyepaswa kuileta kalamu.

Saa 8. Promota anaomba tuaminiane. Namwambia nusu ya malipo kwanza, ndipo jina letu liingie kwenye bango.

Saa 9. Napitia ripoti ya mapato na msanii wangu, mstari kwa mstari. Tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Nyimbo zake tatu za zamani ziko chini ya hapo. Kuna mtu ametutumia ofa ya kununua wasikilizaji bandia. Nimeifuta mbele yake, maana wimbo ukigundulika una wasikilizaji hao unaweza kuondolewa. Badala yake, mbili tutaziimba kwenye shoo zote zijazo.

Saa 11. Zamu ya mkataba wangu mwenyewe. Desturi ni meneja kupata asilimia 15 hadi 20 ya mapato ya msanii, na asilimia 20 ya kidogo ni kidogo. Ndiyo maana mameneja wengine siku hizi huomba sehemu ya umiliki wa rekodi. Naelewa njaa yao, ila mimi sitaki: hapo meneja anageuka kuwa ile lebo tuliyoikimbia. Tumekubaliana kwamba nikiondoka, fungu langu kwa nyimbo tulizotoa pamoja litapungua mwaka hadi mwaka, kisha liishe.

Saa 3 usiku. Simu inatetemeka. Ni mpiga gitaa, amepiga picha fomu ya usajili wa watunzi.

“Dada, hapa niandike jina la kisanii au la kitambulisho?”

Yote mawili, namjibu. La kitambulisho lianze.