Mvua, taa ya kibanda na hii mikono yetu

Mvua zimeshika kweli huku Busia, upande wetu wa Uganda, na kibanda changu cha mobail mani nikiwasha tu taa jioni basi wadudu wote wa mtaa wanahamia kwangu. Kumbikumbi sina neno nao, hao tunakaanga. Mbu nishawazoea kwa ubaya. Anayenikera ni yule mwembamba mwekundu na mweusi, nairobi flai, anatua kwa mteja akiwa anahesabu pesa, anatembea zake taratibu mkia juu, na mteja hata hajamwona vizuri, pa! kashamponda shingoni.

Jana ilikuwa kijana wa boda. Nikamwambia, mdogo wangu, usimpige, mpulize tu aondoke, lakini mkono ulishafika. Nikamtolea kipande cha sabuni na maji ya jerikeni, akanawa pale pale huku anacheka, eti anti mbona hata haijauma. Ndo ujanja wake huo, haumi wala hachomi, sumu yake inaitwa pederini iko ndani ya mwili na inatoka akipondwa, halafu kesho au keshokutwa ndo unasikia ngozi inawaka, nyekundu, malengelenge yamejipanga mstari kama umechapwa kiboko. Akipondwa pale mkono unapokunjia, ukikunja tu alama inajichapa na upande wa pili. Ukishika jicho na vidole hivyo hivyo unaamka jicho limevimba. Mtaani utaambiwa umekojolewa na buibui, au mbaya zaidi wanasema ni mkanda wa jeshi na wanaanza kunong'ona mambo ya ukimwi, kumbe mdudu tu, na ukiosha mapema ukaacha kuyapasua hayo malengelenge inapona ndani ya wiki moja mbili hivi. Mimi balbu nyeupe nimetoa nikaweka ya njano, wamepungua, sio kwamba wameisha.

Nikikaa pale jioni nawaza, wadudu wanaanza tu kazi, wanaoimalizia ni sisi na hii mikono. Tunaponda, tunakuna, tunabinya, tunapaka. Mbu amekuuma, kipele kingeisha chenyewe, lakini tunakuna mpaka damu na kwa kucha zilizotoka kushika mkaa na noti chafu, wiki ijayo kina usaha na tunaanza kulaumu mbu. Mwanangu wa mwisho ndo bingwa, miguu yote madoa. Siku hizi namkata kucha kila Jumapili, namwosha na sabuni, namwekea kitambaa cha maji baridi dakika kumi hivi, na akizidiwa nampaka kalamaini, ile ya pinki ya duka la dawa. Muhudumu alinipa na setrizini ya maji, dawa ya mzio, kwa umri wake, hiyo usiku inasaidia sana asijikune usingizini. Kidonda kikianza kutambaa wekundu, kikawa cha moto au akapata homa, hapo sichezi, ni kituo cha afya. Tena homa huku kwetu ni kupima malaria kwanza, sio kubahatisha vidonge.

Vya kupaka sasa, jamani! Nimeona Colgate, mafuta ya taa, majivu, na hata maji ya betri ya gari, mtu mzima na akili zake anajimwagia asidi juu ya kipele cha mbu. Sijui nani alituambia lazima kitu kiwashe ndo kiwe dawa.

Nyuki peke yake ndo nakubali mkono ukimbie. Shemeji yangu aling'ang'aniwa na nyuki kwenye shamba la ndizi, na watu wakasimama kubishana eti mwiba usibinywe, utafutwe wembe, utafutwe kadi, na wakati huo kile kifuko kwenye mwiba kinaendelea kusukuma sumu. Toa na chochote kilicho karibu, kucha, vidole, lakini toa sasa hivi. Na ondoka pale, maana nyuki akichoma anaacha harufu inayoita wenzake, kimbia ndani ufunge mlango, uso umefunika, mambo ya kurukia mtoni achana nayo, wanakusubiri juu. Nyigu yeye haachi mwiba ila anaweza kurudia na kurudia. Baadaye sabuni, kitu baridi, panadol, uvimbe wa siku mbili tatu ni kawaida.

Ila mtu akianza kuvimba midomo au ulimi, pumzi inapiga mluzi, vipele mwili mzima, anatapika, kizunguzungu, hata kama ni nyuki mmoja tu, hapo usimpe piritoni, kidonge cha mzio, ukakaa kumwangalia. Anayehitaji ni sindano ya adrenalini ya paja, na inapatikana hospitali, kwa hiyo tafuta gari au boda muda ule ule. Aliyewahi kupata hivyo mara moja anaweza kupata tena, kwa hiyo watu wa nyumbani wajue.

Halafu kuna yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au majanini. Yai linakuwa kabuu, kabuu kanaingia kwenye ngozi, unapata jipu lenye tundu dogo katikati na unasikia kitu kinachezacheza. Jirani alikuwa anabinya la mtoto wake mpaka mtoto anapiga kelele barabara nzima, nikamwambia mama acha, paka vaselini nene juu ya tundu, kakikosa hewa kanapanda kenyewe ndo unakatoa polepole kakiwa kazima. Kakikatikia ndani hiyo shida ni nyingine. Kinga yake ni pasi, pande zote mbili na kwenye mishono, hadi nepi na nguo za ndani. Na mkaa ulivyopanda bei najua wengi watanitukana kwa hilo.

Mbu wa usiku dawa ni chandarua, hamna njia. Vile vya serikali tukifua tuanike kivulini, jua kali linaua dawa yake, na tuache kuwafunikia vifaranga. Wa mchana, yule wa miguu yenye madoa, anazaliwa kwenye matairi na makopo yenye maji nyuma ya nyumba, na asidharauliwe, ndo anayeeneza virusi vya Zika, vilivyoitwa kwa jina la msitu wa hapa hapa karibu na Entebbe, walivikuta 1947 kwa tumbili waliyemfungia kule kwa utafiti. Nyuma ya kibanda changu kuna tairi la mtu wa pancha, limejaa maji tangu wiki iliyopita, nimemwambia leo asubuhi alimwage au alitoboe, akasema atalifanyia kazi. Kesho asipolitoa natoboa mwenyewe.